Mubashara kutoka Kisumu

Runinga saba zimepangwa mezani pangu Kibuye.
Mbili bubu, moja haina rangi,
ile ya Mwalimu Aduda inawageuza watu wote kijani.
Wiki hii hakuna anayekuja kuchukua yake.
Wanakuja na viti.
Fundi, wanasema, washa zote.

Nawasha zote.
Kituo hiki kinampa huyu hamsini na moja kwa mia,
kile kinampa yule hamsini na moja kwa mia,
cha tatu kinatangaza sabuni.
Dorsila muuza omena, aliyepanga foleni tangu saa tisa usiku
na mtoto mgongoni, ananiuliza:
"Sasa yangu iko kwenye ipi?"
Nashika bisibisi. Nimezifungua hizi tangu ujana wangu.
Ndani mna vumbi, mende, kapasita iliyovimba.
Kura sijawahi kuikuta.

Kihistoria, wanasema. Uchaguzi wa kihistoria.
Wamelitafuna neno hilo kama muwa
na sisi wanatutemea makapi.

Jumanne walikuja wawili na kamera,
kofia za chuma, fulana za kuzuia risasi,
wakanikuta na kikombe changu cha uji.
"Mzee, hapa huwa wanachomea wapi?"
Nikawaonyesha kwa Risper, anayechoma mahindi.
Hawakucheka.
Nyuma yao foleni ilitoka shule ya msingi ikavuka mtaro,
watu na vitambulisho vyao mkononi,
Mama Nyagudi kaletwa kwa mkokoteni wa maji,
amekaa juu ya mitungi kama bibi harusi.
Hawakugeuza shingo, seuze kamera.
Foleni haifuki moshi.

Siku ya nne, saa moja jioni.
MUBASHARA KUTOKA KISUMU,
maandishi mekundu yanakimbizana chini ya kioo.
Tairi linawaka. Watu wanatimka. Mtangazaji anahema.
Tukatoka nje kutazama.
Barabara ileile. Mbwa amelala katikati yake,
vijana wa boda wanabishana juu ya deni la chapati.
Tukarudi ndani, Kisumu ikaendelea kuungua.

Ndipo nikakiona, nyuma ya moshi:
kibanda, mlango wa buluu,
FUNDI REDIO, na ile R ya kwanza imegeukia kushoto.
Niliiandika mimi, kwa brashi ya kuazima.
Kibanda kile kilibomolewa na tingatinga,
mabati yake nikayauza kwa kilo.

Na mlangoni, Obiero ndugu yangu.
Shati la mistari. Kiganja juu ya nyusi.
Anautazama moto wa mwaka ule,
anatikisa kichwa,
anaingia ndani.
Sekunde tatu, labda nne.

Obiero tulimzika Seme, mvua ikitunyeshea.
Mwanawe alikuwa hajaota meno.
Jumanne mwanawe kapiga kura yake ya kwanza,
na sasa ameketi mbele yangu, kidole bado kina wino,
anauliza, "Baba mdogo, yule ni nani?
Anatembea kama mimi."

Kihistoria. Kumbe walimaanisha kabatini kwao.

Nilipiga simu kituoni, ulimi nimeunoa.
Nilikuwa na maneno: moto wenu una mvi,
mnamtangaza maiti mubashara,
njooni mpige picha mbwa aliyelala.
Dada mwenye sauti ya asali akasema maoni yangu ni muhimu.
Nikafungua kinywa.
Nikajisikia nauliza:
"Mtaionyesha tena?"

"Taarifa ya saa tatu," akasema.

Nimezima sita.
Hii moja nimeifuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti,
kijana nimempa kiti cha mbele.
Saa mbili na nusu sasa.
Wanatangaza sabuni.